Kati ya Muundi na Fibula

Jumatatu, 3 Julai 2023

Baridi ya Arusha haina adabu. Nimepanda kifodi pale Sakina saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na sweta mbili ndani ya koti jeupe, na Mlima Meru hata haujajitokeza. Umejifungia kwenye ukungu kama mdaiwa.

Siku ya kwanza ya fildi, chumba cha eksirei. Msimamizi wetu wote hapa wanamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Ametupokea, mimi na mwenzangu wa Singida, kwa swali: "Mguu mmoja una mifupa mingapi?" Mwenzangu akajibu 30. Mimi nikajibu 31. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Wote mmepata, na wote hamjui mlichohesabu."

Kweli. 30 ni kuanzia pajani kushuka: fupa la paja, pia ya goti, muundi, fibula, kisha 26 ya wayo, yaani 7 ya nyuma pamoja na kisigino, 5 ya katikati na 14 ya vidole. Wa 31 ni fupanyonga, ambalo mwenzangu alilihesabia kiwiliwili na mimi nikalihesabia mguu. Mwalimu hakutuamua. Alisema tusubiri aletwe mzee aliyeanguka bafuni, mguu mmoja umefupika na wayo wake umelalia nje, halafu tumwambie kama nyonga ni ya mguu au si ya mguu.

Jumanne, 4 Julai

Kumbe shida ya kwanza ya anatomia ya mguu ni neno lenyewe "mguu".

Mama mmoja ameletwa na mwanawe. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza, apigwe picha ya wayo wa kulia. Nilikuwa tayari nimeshaupanga wayo juu ya kaseti Mwalimu alipopita akamwambia, "Mama, weka kidole kimoja panapouma." Mama akainama, akapita kisigino, akapita enka, akaweka kidole chini kidogo ya goti. Kwa daktari alisema "mguu unaniuma", na kwa Kiswahili chetu mguu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Kiingereza kinaukata vipande, na aliyeandika fomu alichagua kipande kisicho chake. Wayo ungetoka safi kabisa pichani, na mama angerudi nyumbani na ufa wake.

Fomu imerudishwa kusahihishwa. Sisi hatuna ruhusa ya kubadili ombi la daktari. Lakini kidole kimoja nimekichukua. Kimoja, si kiganja. Kiganja kinafunika nusu ya mguu.

Nimeanza orodha ya majina nyuma ya daftari. Muundi una majina mawili, muundi na goko. Pia ya goti nayo ina mawili, na la pili, kilegesambwa, mwenzangu ameliimba mchana kutwa. Kifundo cha mguu mjini ni enka tu, hata babu wa miaka 80 anasema enka. Fibula haina jina. Nimeuliza walinzi, wauguzi, mama wa usafi, hakuna. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayejigonga fibula kwenye kigoda usiku. Goko tunalijua kwa uchungu wake.

Jumatano, 5 Julai

Nyonga. Shingo ya fupa la paja haikutoka ubavuni moja kwa moja. Imeelekea mbele kidogo, kama digrii 15. Mgonjwa akilala chali, nyayo zinaanguka nje zenyewe, na shingo inakuja pichani imefupika, huwezi kuisoma. Dawa yake ni kumzungusha miguu ndani mpaka vidole gumba vikaribiane. Ukitazama picha na kile kinundu kidogo cha upande wa ndani wa paja kimejificha, ujue umempanga vizuri.

Ila kwa aliyevunjika, usiguse. Mpige alivyo. Mwalimu amelirudia hili mara tatu, na mara ya tatu hakuwa anatabasamu.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu. Zamu ya dharura haikuwa yangu, nikashuka soko la Kilombero kunywa supu ya makongoro. Naandika kwa kujisifu kidogo: nadhani nimejifunza zaidi kwenye lile bakuli kuliko muhula mzima wa mwaka wa kwanza.

Mama ntilie alinipa kipande chenye kiungo kizima. Nikakivuta kikaachana. Ndani gegedu inang'aa, nyeupe yenye ubuluu, inateleza hata ukiibana kwa kucha. Eksirei haiioni gegedu hiyo. Ile nafasi nyeusi katikati ya goti, ambayo chuoni tunaiita nafasi ya kiungo, si nafasi. Imejaa kitu hiki hiki. Ndiyo maana goti la mtu mzima mwenye maumivu ya siku nyingi linapigwa akiwa amesimama. Akilala, mifupa inaachana kidogo na gegedu iliyolika inaweza kukudanganya kwamba ipo. Akisimama, uzito wake unasema ukweli.

Nikamuuliza mama, lile goti la nyuma la ng'ombe, linalokunja kinyume na letu, wanalikata wapi? Akacheka, akasema yeye ananunua tu. Nimekuja kulitafuta kwenye kitabu. Si goti hata kidogo. Ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, limejificha karibu na tumbo, na chini ya kile kisigino kuna mfupa mmoja mrefu ambao ni miwili iliyoungana, ya kidole cha tatu na cha nne. Kwato mbili ni kucha mbili. Ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole tangu azaliwe, na sisi tunakunywa supu ya wayo wake bila kujua ni wayo.

Kutoka hapo nikapanda mpaka Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1900. Nilifuata kitu kimoja: nakala ya nyayo za kale za Laetoli. Nimezaliwa mkoa huu na sikuwahi kuzitazama kwa makini. Kisa chake hakikosi kuchekesha. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa na Mary Leakey walikuwa wakirushiana kinyesi cha tembo kilichokauka, mmoja wao, Andrew Hill, akajikuta yuko chini, pua karibu na majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, akaona alama za wanyama. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za watu, au za waliokuja kabla ya watu, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Mwaka 2016 timu iliyokuwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatangaza nyingine, kama mita 150 kutoka zile za kwanza.

Nilisimama pale kama mtu anayesoma picha ya mgonjwa. Kisigino kimezama kwanza. Kidole gumba kimejipanga mstari mmoja na wenzake, hakijatoka pembeni kama cha sokwe. Hapo huoni mfupa hata mmoja, unaona kazi ya mifupa tu. Kwenye chumba chetu ni kinyume: mifupa yote ipo, imelala, na mwenyewe hatembei. Mlinzi alinikoholea ili nijue wanafunga.

Jumatano, 12 Julai

Dereva wa bodaboda, njia ya Moshi, karibu na Tengeru. Amegongana na Noah. Enka imevimba kama papai. Picha ya kwanza: nundu ya ndani, ile ya mwisho wa muundi, imekatika. Nundu ya nje nzima. Nikaanza kumshusha mezani.

Mwalimu akauliza, "Unakwenda wapi? Panda juu, gotini." Sikuelewa. Kijana hakulalamika goti. Nikapiga, na pale juu kabisa, chini ya kichwa cha fibula, ufa umezunguka mfupa kama utambi.

Maelezo aliyotupa, tukiwa tumesimama mlangoni na aproni za risasi bado mabegani, nayaandika kwa maneno yangu. Muundi na fibula zimefungwa pamoja juu na chini, na katikati, kwa urefu wote, umewambwa utando mgumu wa nyuzi. Ni kama pete ndefu. Biskuti ya duara hupasui sehemu moja tu. Wayo ulipopinduka nje, nguvu ilivunja nundu ya ndani, ikapasua vifungo vya chini, ikapanda ikichana utando, ikatokea juu kabisa kwa kuivunja fibula. Daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, Maisonneuve, ndiye aliyeachia kuvunjika huku jina lake. Anayeishia enka anakuta nusu ya habari.

Chuoni tuliambiwa, mfupa mrefu piga na viungo vyake vyote viwili. Nilidhani ni usafi wa picha tu.

Na utando wenyewe? Nilimuuliza Mwalimu unaonekanaje. Akasema hauonekani. Ukiuona, niite.

Ijumaa, 14 Julai

Nimekosea. Nalieleza kosa hapa kwa sababu pichani limeshafutwa.

Mgonjwa mwenye P.O.P., ile plasta ngumu, mguu wa kushoto, amekuja kuangaliwa kama mfupa umeunga. Nikampanga vizuri, mwale nikaulenga katikati ya muundi, goti na enka vyote ndani. Picha ilikuwa nzuri, ya kutundika ukutani. Mwalimu akaitazama.

"Mguu gani huu?"

"Wa kulia, Mwalimu. Herufi hiyo hapo."

"Nimekuuliza mguu. Herufi naiona."

Nikatazama fibula, maana fibula daima iko nje. Lakini fibula inakuonyesha nje ni wapi, haikwambii ni mguu wa nani wala upande gani. Muundi wa kushoto ukiupindua kama kwenye kioo unapata wa kulia usio na kasoro. Katika picha ile nzima, kitu pekee kilichosema kulia au kushoto kilikuwa kipande cha risasi nilichokiweka mimi kwa mkono wangu, na kilisema uongo. Mgonjwa alikuwa bado ameketi pale, P.O.P. yake imechorwa mpira na watoto wake, mguu wa kushoto.

Imerekebishwa kabla haijatoka chumbani, na imeandikwa kwenye kitabu cha makosa. Sikula mchana.

Jumatatu, 17 Julai

Mtoto wa miaka 2, ameanguka kitandani. Nikamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, mama asisikie, kwamba mtoto hana pia ya goti. Mwalimu akanijibu kwa sauti ya juu, mama asikie: "Anayo, ni gegedu bado. Itaanza kuwa mfupa akifika miaka 3, pengine hata 6." Mama akanitazama kwa huruma.

Ncha ya chini ya fupa la paja, kwa upande wake, huwa imeshaanza kuwa mfupa mtoto anapozaliwa. Na ile mistari myeusi karibu na ncha za mifupa ya watoto, ambayo kila mwanafunzi anaiita ufa angalau mara moja, ni mahali mfupa unapokulia. Agizo la Mwalimu: ukiona mstari, kwanza uliza umri.

Baada yake ameingia mwingine, wa miaka 8, mwenye matege. Hili ni jambo jingine. Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege kidogo bila ugonjwa wowote, kisha anapofika miaka 3 au 4 magoti yanagongana, na akifika 7 hivi miguu imenyooka. Wa miaka 8 hana udhuru huo. Tumempiga amesimama, miguu yote miwili pamoja, nyonga hadi enka. Kitu cha kuelekeza mbele ni pia za magoti. Ukielekeza vidole mbele, miguu iliyopinda inazunguka na picha inapunguza pindo au inaliongeza. Anatoka Ngarenanyuki. Mwalimu alisoma jina hilo kwenye fomu, akanyamaza.

Alhamisi, 20 Julai

Mpagazi ameteleza akishuka Meru, juu kidogo ya Miriakamba. Goti limejaa. Alibebwa mpaka Momella na wenzake anaobeba nao mizigo kila siku.

Hakuna ufa niliouona. Mwalimu akaagiza alale chali dakika chache bila kusogezwa, kisha tupige kutoka ubavuni, mwale ukienda mlalo. Juu ya goti ukatokea mstari ulionyooka kama ukingo wa meza, juu yake eneo jeusi zaidi, chini yake la kijivu. Ni mafuta yanaelea juu ya damu. Mafuta hayo yametoka kwenye uboho, na uboho hautoki mfupani bila mlango. Kwa hiyo upo ufa, tuuone tusiuone.

Nilikumbuka supu ya Kilombero ilipoanza kupoa. Ukiinamisha bakuli, mstari unabaki mlalo. Tungempiga kwa mwale unaotoka juu, tungelitazama bakuli kutoka juu, na tusingeona kitu.

Jumanne, 25 Julai

Nimeuona.

Mzee ameingia taratibu, fimbo mkono wa kulia, shuka la bluu. "Shikamoo babu." "Marahaba binti yangu." Nilipomwomba aangalie huku, aligeuka mwili mzima, shingo haikuzunguka. Kupanda mezani kulituchukua watu watatu. Kwenye fomu: maumivu ya magoti yote mawili, miaka mingi.

Picha ya kwanza ilitoka imepauka, mifupa myeupe kama chokaa, ndani yake husomi chochote. Nilidhani nimepunja mionzi. Mwalimu akapandisha kidogo, akapiga tena mguu mmoja, akachukua na muundi mzima kwa ruhusa ya daktari. Nyeupe bado. Zile nyuzi nyembamba za ndani ya mfupa, ambazo kwa kawaida ni kama kimia, zimenenepa zikashikana.

"Kati ya muundi na fibula unaona nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Tazama tena. Ukingo wa ndani wa fibula."

Ukingo haukuwa mstari. Ulikuwa na miiba midogo, mingi, imeelekea muundi, na ukingo wa muundi nao ulikuwa na yake ikielekea fibula. Kama kingo mbili za mto zinazoota mizizi kutafutana. Utando ule usioonekana, ulioanza kugeuka mfupa.

Hatukuandika neno. Sisi hatuandiki ugonjwa. Mwenye kusoma picha ni daktari wa radiolojia, na jibu litatoka kwake. Lakini jioni, kaseti zikifutwa, Mwalimu alinieleza. Maji ya upande ule wa Meru, kule Ngarenanyuki, yanapita kwenye miamba ya volkano yenye floraidi nyingi. Maziwa ya Momella, pale heroe wanapokula, yana mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 1.5 kwa maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, vinginevyo vyanzo vingi vingefungwa na watu wabaki na ndoo kavu. Floraidi inayobaki mwilini karibu yote, kama asilimia 99, inaingia kwenye mifupa na meno. Jino linaipokea utotoni linapoumbika, halafu basi. Mfupa hauachi. Unajivunja na kujijenga maisha yote, na kila unapojijenga unatumia kile ulicholetewa na maji.

Babu alipomaliza kuvaa aliomba kuona picha. Tukamwonyesha. Alitazama muda mrefu, akauliza, "Huo weupe ndio mimi?"

Jumapili, 30 Julai

Nyumbani, Maji ya Chai. Mto una rangi ile ile ya jina lake.

Sijawahi kuandika kuhusu meno yangu humu. Ni ya kahawia mbele, yana mistari. Chuoni, siku ya kwanza, kabla sijataja jina langu, dada mmoja aliniuliza, "Wewe wa Arusha, eeh?" Nilijibu nikiwa nimefunika mdomo, na nimeufunika mpaka leo ninapocheka. Nilikuwa nikiyaona kama jambo la sura. Tangu Jumanne nayaona kama ukurasa wa kwanza.

Bibi amepika makande. Kama kawaida ametia magadi ili mahindi na maharage yaive haraka, kuni ni ghali. Nikamwambia magadi nayo yana floraidi. Akanijibu kwamba mama yake alitia magadi, na mama wa mama yake. Nikamwambia ndiyo hasa shida. Akanipakulia.

Pembeni ya mtungi ipo ile ndoo ya kuchujia yenye mkaa wa mifupa kutoka kituo cha Ngurdoto. Siku ilipoletwa Bibi alikataa kuigusa, akasema hanywi maji ya ng'ombe asiyemfahamu. Sasa ndiyo anayoitegemea. Ninavyoelewa, mifupa ya ng'ombe inachomwa tanurini kwa hewa kidogo. Ikitoka nyeusi sana, maji yananuka. Ikichomwa mpaka ikawa nyeupe, nguvu yake imepungua. Nzuri ni ya kijivu. Inasagwa, maji yanapitishwa, na madini ya mfupa yanaishika floraidi kama vile mfupa wa babu ulivyoishika. Mfupa wa ng'ombe unakunywa kwanza ili wa Bibi usinywe. Nimelifikiria hili njia nzima ya kurudi mjini, nimebanwa kwenye kifodi kati ya gunia la karoti na mtu aliyelala.

Jumatano, 2 Agosti

Zamu ya usiku. Saa nane. Hakuna mgonjwa. Mwenzangu amejikunyata kwenye benchi.

Mashine iko tayari. Meza iko tupu. Ningeweka mguu wangu, ningelenga katikati ya muundi, sekunde haifiki. Nimezaliwa Maji ya Chai, nimekunywa yale maji miaka 19 kabla ya chuo. Ningejua.

Kibeji cha kupimia mionzi kiko kifuani mwangu, na hupelekwa Njiro kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Lakini mwale ungekuwa umebanwa kwenye mguu. Kibeji kisingejua chochote, au kingejua kidogo mno. Hilo ndilo lililonikera, kwamba nilishalipigia hesabu.

Sikupiga. Hakuna daktari aliyeomba picha hiyo, na nisingekuwa na la kufanya na jibu lake saa nane usiku. Nilikaa kwenye kiti nikaupapasa mguu kwa vidole, mfupa mmoja mmoja. Pia ya goti inachezacheza mguu ukilegea. Chini yake kinundu cha muundi, pale kano inapojishika. Kutoka hapo uso wa ndani wa muundi uko chini ya ngozi tupu, unautelezea mpaka nundu ya enka bila kupoteza mfupa. Kwa nje, kichwa cha fibula, na nyuma yake kidogo, shingoni, uzi unaoteleza chini ya kidole. Huo ni mshipa wa fahamu. P.O.P. ikibana hapo, mgonjwa anashindwa kuinua wayo. Halafu fibula inazama kwenye nyama, inapotea, inaibuka tena karibu na enka, nundu yake ikiwa chini na nyuma zaidi kuliko ya ndani.

Katikati, kati ya mifupa miwili, niliminya nikaminya. Nyama tu.

Saa tisa na robo wakaleta mlevi wa Unga Limited, kisigino.

Ijumaa, 11 Agosti

Mtihani wa mwisho. Mwalimu ametandaza mifupa chini ya kitambaa, tunaingiza mkono bila kuangalia. Mwenzangu kapewa pia ya goti, akaitaja upande kwa kuiweka mezani: inalalia upande wake wa nje, ulio mpana. Mimi nikapewa fibula. Fimbo tu, kila mwanafunzi anaiogopa. Nikatafuta ncha ya chini, nikapata kishimo, kishimo hukaa nyuma; nikapata uso laini, uso laini hutazama ndani. Nikasema kushoto.

Mwalimu akasema, "Herufi umeweka?" Tukacheka sote. Nimesahau kufunika mdomo.

Jumapili, 13 Agosti

Nimemwambia Bibi habari za yule babu, bila jina. Nimemwambia na shingo yake nimeiona, anavyogeuka mwili mzima kuangalia kuku. Nikamwomba twende hospitali, daktari akiona inafaa tutampiga picha, mimi mwenyewe nitakuwepo.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua.

"Nikishajua, mama, nitakunywa nini?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kuitazama ndoo. Nilimuuliza mkaa ule umebadilishwa lini. Akasema tangu uletwe haujabadilishwa, na uliletwa mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne. Umeshashiba siku nyingi. Maji yanapita juu yake kama yanavyopita kwenye kokoto, na Bibi amekuwa akiyaita ya dawa.

Nimeumwaga kwenye shimo la takataka, nimeiosha ndoo kwa maji ya mvua, nimeianika juu ya banda. Kesho asubuhi nachukua bodaboda mpaka Ngurdoto kuulizia mkaa mpya na bei yake. Jumatano ndiyo nitahama Sakina. Magadi nimeyaficha nyuma ya kabati, atayapata.